Sigilai, Nimeziona Baa za Nairobi

Nairobi, Jumapili, Agosti 1998

Sigilai, chorwenyun,

Mwaka huu ni wa sita tangu nitoke Sosiot, na mwezi ujao utatimiza mwaka mmoja tangu uzikwe huko bila mimi kuwepo. Neno hilo la chorwenyun, rafiki yangu, ulinifundisha wewe, na ulicheka kila nilipolitamka kwa ulimi wa mtu wa ziwani. Sasa hakuna wa kunicheka. Nakuandikia kwa Kiswahili kwa sababu ndiyo lugha tuliyonywea.

Habari niliyo nayo ni kwamba nimeziona baa za Nairobi. Mwanangu Ochieng', yule uliyekuwa ukimwita karani hata kabla hajajua kusoma, sasa ni karani kweli, katika ofisi ya bima. Anaona nimekauka. Basi alikata ukurasa wa gazeti uliotaja mahali pazuri jijini pa pombe, chakula na muziki wa bendi, akaniambia kwamba kila Jumamosi mchana tutajaribu pamoja mpaka nipate pangu. Ni mtoto mwema. Sikuwa na moyo wa kumwambia kwamba mtu hatafutiwi baa kama anavyotafutiwa miwani.

Ya kwanza iko katikati ya mji, ghorofani. Viti vyake vimeshonewa ngozi bandia inayokushika suruali ukitaka kusimama. Msichana wa kuhudumu aliniuliza kama nataka bia baridi ama ya moto. Nikasema nataka yenye ladha. Akaniletea baridi, baridi ya kuuma meno, nami nikaelewa sababu: bia ile ikipata joto kidogo tu, utajua ilivyo. Kila mtu ana chupa yake mbele yake, anaikodolea macho kana kwamba itamtoroka, na wote wanatazama televisheni. Bendi ilipiga nyimbo za Kikongo. Walipopumzika nikamwuliza mwimbaji wimbo ule wa mwisho ulihusu nini. Akasema mapenzi. Nikauliza mapenzi ya namna gani.

"Mzee," akasema, "ya kawaida."

Ya pili ilisifiwa kwa nyama. Unachagua mguu wa mbuzi ukiwa umening'inia, unapimwa mbele yako, halafu unangoja hadi njaa inageuka kuwa hasira, kisha unaletewa mguu wa mbuzi mwingine. Sibahatishi. Mbuzi wangu alikuwa na mafuta. Huyu aliyekuja juu ya ubao, amekatwakatwa vipande vya kumlisha mgonjwa, alikufa akiwa mwembamba na mwenye huzuni. Hapo mwimbaji huimba jina la yeyote anayempa noti. Mwenye duka la vipuri aliimbwa kuwa simba. Jirani yake akatoa noti naye, akawa simba. Nikakukumbuka wewe na gita lako, lenye nyuzi mbili za breki ya baiskeli. Ukimwimba mtu, uliimba ubahili wake akiwa ameketi hapo hapo, na hakuondoka, kwa maana angeondoka ungeongeza ubeti. Na mkeo Bot Cherono angeleta ugali wa wimbi na mboga za isagek zilizolala katika maziwa, wale simba wa Nairobi wangelia.

Ochieng' aliona uso wangu, akasema ya tatu nitaipenda, kwa sababu ni ya kienyeji.

Jana tulikwenda. Ni uwanja nje ya mji uliojengwa vibanda vya nyasi ambavyo hakuna mtu aliyewahi kulala ndani yake. Wageni wa Ulaya wanashushwa na basi, wanachezewa ngoma, wanauziwa busaa katika vikombe vya plastiki. Nilionja. Unga wake haukukaangwa vizuri na kimea kilikuwa cha haraka. Bot Cherono angewapa nguruwe, kisha angewaomba nguruwe msamaha. Katikati ya uwanja kulikuwa na chungu kikubwa chenye mirija mirefu, na mzee aliyevaa ngozi ya mbega alikuwa akiwaonyesha wageni jinsi babu zetu walivyokunywa.

Alikuwa Kirui.

Ndiyo, Kirui wetu, fundi wa mashine za kukaushia majani chai kule kiwandani, ambaye kwa miaka yote niliyomjua alivaa koti moja la mvua la kampuni. Sasa ni babu wa kukodiwa.

Ukinisikia namkasirikia kuliko bia baridi, unajua sababu. Mimi ndiye niliyehitaji muda kuijua. Kwetu ziwani tunakunywa hivyo hivyo, chungu kimoja na mirija mingi. Mrija tunauita oseke. Na sheria ya chungu ilikuwa moja, kwenu na kwetu: hunywi pamoja na mtu uliye na neno naye. Ukiwa na neno, unatoa mrija wako, unauegemeza ukutani, na huurudishi mpaka neno lizungumzwe liishe. Ndiyo maana nyuma ya nyumba yako tuliketi miaka mingi watu kumi na mmoja, Wakipsigis na mimi Mjaluo wao, bila ngumi kurushwa.

Kisha ikaja wiki ile ya mwisho. Kirui aliutoa mrija wake wa kwanza, akasema jino linamsumbua. Kesho yake ndugu wawili wakaegemeza yao: wameokoka kwenye mkutano wa injili kule Kapsoit. Mwingine daktari alikuwa amemkataza. Mwingine mkewe. Walevi wote wa kijiji wakaacha pombe katika wiki moja, na mimi, msomaji wa magazeti, nikaamini. Nilikuambia shetani atafunga duka Sosiot, na sisi wawili tutabaki na chungu kizima. Hukucheka.

Ijumaa ilibaki mirija miwili katika chungu cha watu kumi na mmoja. Ulikunywa nami mpaka tukagonga machicha. Jua lilikuwa bado juu ya majani chai ulipofuta mdomo, ukaniita ndugu kwa lugha ya kwetu, ukasema, "Omera, leo watoto wasilale kwako." Ukaenda kuwasha lori la kiwanda ulilokuwa ukiliendesha. Tulipofika Sondu, mpakani mwa nchi ya Wajaluo, mimi na mke wangu na watoto chini ya magunia ya kuvunia majani, moshi wa nyumba yangu ulikuwa umeshaonekana nyuma yetu. Na wewe ukageuza lori, ukarudi kuishi nao.

Bot Cherono alinieleza baadaye kilichofuata. Mirija yao hawakuirudisha kwako tena, kwa sababu ulinitorosha. Mtu aliyekuwa na chungu bora kuliko vyote katika Belgut alikunywa chai miaka mitano, peke yake, na gita likining'inia ukutani, mpaka kifua kikamwua.

Kirui aliniona. Akaja mikono wazi, mkia wa mbega ukimpiga mgongoni.

"Omera, wewe umepotea."

Nikamwambia sikupotea, niliijua njia yote.

Akacheka, akanishika bega. Akanieleza kwamba chungu kimerudi, sasa kiko kwake, na akipata likizo ya kazi hii anakwenda kukinywa. Wote wapo. Wanauliza habari zangu. "Kiti yako iko," akasema. "Mambo ya siasa iliisha."

Nikamwuliza kama jino lilipona.

Kwanza hakuelewa. Alipoelewa, Sigilai, nilingoja aone haya. Hakuona. Alinitazama kama mtu aliyetukanwa baada ya kufanya wema.

"Sasa ulitaka tukunywe na wewe, na sisi tunajua?" akasema. "Hiyo ingekuwa mbaya sana. Sisi tuliheshimu chungu."

Alimaanisha kila neno. Watu hawa wanajivuna. Walikaa kitako wakapima, wakaona kumchomea mtu nyumba kunawezekana, ila kunywa naye wiki hiyo kutakuwa ni kukosa adabu. Wazo la kumwambia akimbie halikumjia yeyote akilini isipokuwa wewe. Nimewachukia miaka sita nikidhani ni watu wabaya. Jana niligundua ni watu wadogo, tena wenye adabu, nami sina chuki ndogo kiasi cha kuwaenea.

Akachomoa mrija mmoja kutoka kwenye chungu kile cha maonyesho, akaufuta kwa kiganja, akaninyooshea. Wageni wakainua kamera. Ochieng', ambaye sikuwahi kumwambia habari za mirija, akanisogelea: "Baba, chukua tu, wanataka picha." Nikatia mikono mfukoni. Nikasema nimeshakunywa chai. Kirui akageuka, akampa mgeni mmoja mwekundu kwa jua, naye mgeni akavuta, akapaliwa, wote wakapiga makofi.

Nilimweleza Ochieng' yote njiani. Tulipofika nyumbani alikitoa kile kipande cha gazeti mfukoni akakitupa kwenye moto wa jiko.

Sasa nikwambie jambo lililonikalisha kuandika. Bot Cherono amenitumia habari kwamba mwezi ujao wanalijengea kaburi lako saruji na kufanya maombi, na anataka niseme maneno. Nimetaka kuja. Nimeyapanga maneno hayo kitandani mara nyingi, na koti nimelipeleka kwa dobi. Lakini nawajua watu wale. Baada ya maombi, chungu kitatolewa kwa heshima yako, na kiti changu kitakuwa hapo. Nikiketi, nitakuwa nimesema neno limeisha, wakati hakuna aliyelizungumza. Nikikataa, nitaiharibu siku yako mbele ya mkeo, kisha mimi nipande gari nirudi huku, na yeye abaki nao, kama ulivyobaki wewe. Umelipa vya kutosha kwa ajili yangu. Sitamwongezea mjane wako.

Nimemwomba aje kwetu Desemba, akishauza ndama. Mama Ochieng' tayari anabishana na mimi ni chumba gani atalala. Nitamketisha, nimwambie yeye, ana kwa ana na bila wasikilizaji, yale ambayo ningeyasema kaburini: kwamba kati ya watu kumi, nilikuwa na mmoja. Hilo nakuahidi. Naye akitaka kukaa mwezi, atakaa mwezi. Akitaka kukaa zaidi, tutajibana.

Pumzika, chorwenyun. Umenikosea kwa jambo moja tu, kunitangulia.

Koti nitalivaa kanisani hapa siku ya maombi yako. Sosiot sitarudi.