Nane Nukta Mbili

Pell Fork, Tennessee
3 Mei 1995

Mpendwa Dada Arvella,

Habari za Knoxville, na goti lako linaendeleaje? Huku wazima, ila jogoo amemdonoa mleta barua, kwa hiyo barua zetu sasa huachwa kwa jirani.

Unakumbuka hakimu aliniruhusu kumfundisha Corrie nyumbani kwa sharti: kila kiangazi nipeleke matokeo ya mtihani, na mtoto asiwe nyuma ya darasa lake. Akiwa nyuma, anahamia kwa baba yake huko kwenu mjini, akasome shule. Tangu tuachane, Wendell ameanza kupenda elimu.

Kitabu cha kuagizia kina mitihani mitatu. Mmoja unapimwa kwa saa, mmoja hauna saa, na kwa wa tatu anakuja mgeni kumhoji mtoto mezani. Corrie akiona saa anasahau hata jina lake. Wewe umefundisha miaka thelathini na moja. Nichukue upi?

Mdogo wako,
Nelda

Knoxville
9 Mei 1995

Mpendwa Nelda,

Salamu zimefika. Goti lipo, linatabiri mvua kuliko redio.

Agiza usio na saa, wa darasa la tano. Kaa naye chumba kimoja, usimpumulie shingoni, na usikohoe akikosea. Nakujua.

Binti yangu Paulette amerudi nyumbani. Wakili amemwachisha kazi ya kupanga mafaili, kwa kuchanganya herufi. Hilo libaki kwetu.

Dada yako,
Arvella

Pell Fork
28 Juni 1995

Dada mpendwa,

Hujambo? Kaa chini kwanza. Corrie wa darasa la tano amepata 8.2! Karatasi imeandikwa wazi, "usawa wa darasa": la nane na miezi miwili. Nimeibandika kwenye friji, na Jumapili nikaisoma kanisani. Mama mmoja akaniuliza siri ni nini. Nikamjibu, "Siri ni kumweka mtoto mbali na walimu." Watu wakacheka, nami nikaongeza ya Paulette: miaka kumi na sita shuleni, na bado hajui kwamba M inatangulia N. Ulikuwa utani, usinune.

Vitabu vya darasa la nane nimeshaagiza. Mwakani nataka afanye mtihani wa darasa la nane wenyewe, hakimu anyamaze kabisa. Wasemaje?

Mdogo wako,
Nelda

Knoxville
30 Julai 1995

Mpendwa Nelda,

Natumaini mu wazima. Utani wako ulinifikia kabla ya barua, kwa vinywa viwili. Paulette aliupata kwa kinywa cha tatu.

Hongera kwa nane nukta mbili. Kuhusu mtihani wa mwakani, uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Ukiona wa darasa la nane unamfaa, agiza. Mimi ni mwalimu tu.

Dada yako,
Arvella

Pell Fork
2 Julai 1996

Dada,

Salamu. Matokeo ya mtihani wa darasa la nane yamekuja. Kati ya watoto mia, tisini na mmoja wamempita Corrie. Nilipiga simu kule tunakoagiza mitihani. Mama wa simu akanieleza polepole, kana kwamba mimi ndiye niliyefeli: ile 8.2 haikusema Corrie yuko darasa la nane. Ilisema aliufanya mtihani wa darasa la tano kama ambavyo mtoto wa la nane angeufanya huohuo. Wa darasa la nane wenyewe hakuwahi kuuona.

Corrie aliisoma karatasi kabla sijaificha. Akaniuliza, "Mama, mimi ni mjinga wa darasa la ngapi?" Nikamwambia akanawe mikono.

Hakimu ameshaiona karatasi hiyo, na Corrie anahamia kwa Wendell mwezi ujao. Nimeomba nisikilizwe tena, nimepewa tarehe 16 Septemba.

Dada, ulijua maana ya namba ile?

Mdogo wako,
Nelda

Knoxville
8 Julai 1996

Mpendwa Nelda,

Nilijua.

Dada yako,
Arvella

Knoxville
29 Agosti 1996

Mpendwa Nelda,

Hujambo? Huandiki siku hizi. Wendell ana kazi Jumamosi, kwa hiyo Corrie hushinda kwangu. Jumamosi ya kwanza alipokuja nilimpa mtihani wa darasa lake, la sita, bila saa. Aliumaliza wakati kahawa yangu ingali moto, na umesahihishwa: kati ya mia, amewapita themanini na wanane. Karatasi yenye muhuri ninayo mezani.

Hakimu angependa kuiona. Simama kanisani pale pale uliposimama, useme unalojua unapaswa kusema. Nitasikia, mimi husikia.

Dada yako,
Arvella

Pell Fork
8 Septemba 1996

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo, kama neno hilo bado lina kazi kati yetu. Leo nimesimama. Nimesema nilikosea, kwamba dada yangu ni mwalimu na mimi sikujua kusoma namba, na kwamba nilimwaibisha Paulette mbele za watu. Safari hii hakuna aliyecheka.

Naomba karatasi. Ukiituma siku utakayopata barua hii, itafika.

Mdogo wako,
Nelda

Pell Fork
17 Septemba 1996

Arvella,

Corrie anabaki kwa Wendell. Hakimu aliniuliza kama nina karatasi nyingine yoyote. Nikasema iko njiani, ingawa kwa jirani nimeuliza kila siku na hakuna kilichotoka kwako. Akatazama mlango kidogo, kwa adabu tu, kisha akasaini.

Nelda