Udi Kwenye Unga wa Leza

Jumatatu, 4 Agosti
Mtungi wa kusagia unazunguka hapa nyumbani Tanga tangu asubuhi. Jirani kalalamika kelele. Avumilie. Poda za alumina na itria zinasagika ndani ya spiriti. Unga ukikauka niukandamize uwe visahani, halafu nivipeleke Dar, kwenye tanuri la utupu, lisilo na hewa ndani. Nataka kauri angavu, ya kukuza mwanga wa leza. Kauri ya vikombe haina kazi. Kikibaki kitundu kisichoonekana kwa macho, mwanga unapotelea humo. Kisahani kikitoka na ukungu, nafasi yangu kwenye mradi anapewa mwingine. Mwalimu Mushi, msimamizi wangu, kanambia wazi.

Jumatano, 6 Agosti
Unga uko kwenye sinia, chumba cha uani. Mama anapita kaziba pua. Chumba kinanuka ulevi, anasema, na kesho kina shangazi wanakuja kwenye hitima ya Baba. Nimemweleza ni spiriti ya kazi. Hakuridhika. Sina usingizi.

Alhamisi, 7 Agosti
Yarabi! Nimerudi sokoni, chumba cha uani moshi mtupu. Chetezo pembeni ya sinia. Mama kafukiza udi, wageni wasije wakadhani binti yake mlevi. Masizi juu ya unga wangu. Masizi! Nimempigia kelele mbele ya kina shangazi. Nikamwambia umenimaliza. Akaokota chetezo akatoka.

Ijumaa, 8 Agosti
Mama hasemi na mimi. Shikamoo yangu kaiitikia kwa kichwa. Chapati kaniwekea, kafunika kwa kawa, kaenda zake.

Unga mwingine sina. Nimempigia Mwalimu Mushi, kacheka mpaka nikaudhika. Kanambia, kauchome kwanza kwenye tanuri la kawaida, lenye hewa, masizi yataungua. Nalijua hilo! Hasira zilinipumbaza. Naona aibu, na hakika bado sina.

Jumanne, 12 Agosti
Dar. Unga niliuchoma juzi, ukatoka mweupe. Kwa macho. Jana visahani viwili vimeingia kwenye utupu. Chakula hakipiti. Nakaa, nasimama, narudi mlangoni pa tanuri kama vile litanijibu. Nimempigia Mama. Kapokea shangazi, anasema Mama anasali. Saa nne asubuhi, sala gani?

Alhamisi, 14 Agosti
Vimetoka. Nimevisugua mpaka vidole ganzi. Kimoja kijivu, nikakiweka kando. Cha pili nikakilaza juu ya gazeti, nikasoma mpaka herufi ndogo za matangazo ya msiba. Mwalimu Mushi kanipa mkono. Nafasi ni yangu. Nimejifungia chooni nikalia, na sikuwa na wa kumpigia.

Jumamosi, 16 Agosti
Tanga. Nimemkuta Mama uani anachambua mchele. Nikamwomba radhi, nikampa kile kisahani angavu. Akakifuta kwa ncha ya kanga, akakiweka jichoni, akanitazama kupitia humo. Muda mrefu.

"Umekonda," akasema.

Akainuka kunipakulia.