Mistari Minne ya Wimbo wa Pasaka

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Najua hutaitikia, lakini siwezi kukuandikia bila kukuamkia kwanza.

Jumapili ya Pasaka nilipiga kinanda kigangoni kwetu Kilema. Nilipiga ule wimbo wenye mistari minne ambamo mkono wa kulia unakimbia bila kupumzika. Nimeona nikueleze mwenyewe, maana wewe ndiye uliyenifundisha, na ndio wimbo uliotugombanisha.

Nilikuwa na miaka kumi na sita. Ulikuwa ukitoka kuchuma kahawa, unanawa mikono, unakaa kando yangu kwenye benchi na kunigongea mapigo kwa kidole juu ya ubao wa kinanda. Taratibu mno, hadi nasinzia. Nikipiga sahihi mara tatu mfululizo, ndipo unaongeza mwendo, tena kidogo tu. Nikikosea noti moja, unaupunguza. "Vidole vinakumbuka kila kitu, mama," ulikuwa ukiniambia. "Hata makosa. Usivifundishe makosa." Mstari wa pili peke yake ulituchukua wiki tatu.

Siku ya Pasaka ya mwaka ule nikakimbia kupita mwendo tuliokubaliana. Kwenye mstari wa tatu vidole vikakanyagana, wanakwaya wakapotea, sauti ya nne, ile nzito ya wanaume, ikabaki inaimba peke yake. Ulinisogeza kwa bega, ukamalizia wimbo. Kanisa zima liliona. Nyumbani ukasema, "Umejipigia mwenyewe. Wale watu umewaacha njiani."

Sikugusa kinanda kwa miaka kumi na mmoja. Nilienda kushona nguo Kiboriloni, na kila nilipokuja nyumbani tuliongea habari za ng'ombe na migomba, basi.

Kisha ukapata kiharusi, mkono wako wa kulia ukapooza. Nikarudi kukuuguza. Mtaalamu wa mazoezi alisema vidole vipewe kazi, kwa hiyo nikakukalisha mbele ya kinanda chako kidogo cha sebuleni, nikashika kidole chako cha shahada na kukiweka kwenye noti ya kwanza. Ulikasirika.

"Unanifanya mtoto?"

"Hapana, baba. Ni taratibu tu. Mara tatu sahihi, ndipo tunaongeza."

Ulinitazama, ukacheka kwa upande mmoja wa mdomo huku machozi yakikutoka. Nadhani siku ile ndiyo tulipatana, ingawa hakuna aliyeomba msamaha.

Tulikwenda hivyo miezi saba. Noti moja, mbili, tano. Mimi nilipiga mkono wa kushoto, wewe wa kulia. Siku ulipofika mwisho wa mstari wa kwanza bila kosa, mama alikuwa amesimama mlangoni anakusikiliza, kiburu chake cha ndizi na maharage kikaungulia jikoni na hakuna aliyejali. Ukasema, "Kesho wa pili."

Kesho yake hukuamka.

Siku ya mazishi mwenyekiti wa kwaya aliniomba nikupigie. Nilikaa kwenye benchi, mikono ikakataa. Akapiga mtu mwingine. Kwa hilo nakuomba radhi, baba, maana limeniuma kuliko hata yale maneno yako ya zamani.

Tulipomaliza matanga nilianza upya, peke yangu, kila nikitoka kukamua. Karibu mwaka mzima. Zipo wiki ambazo sikuongeza mwendo hata kidogo, na sikuona haya. Na Jumapili ile, kabla ya kuanza, nilisikiliza kwanza wanakwaya wanavyovuta pumzi, nikaenda nao. Mistari yote minne ikapita, sauti ya nne ikiwemo.

Watu walitoka wakiongelea mvua. Nilifunga kinanda, nikabaki nimekaa, ndipo nikalia kwa sauti, kwa mara ya kwanza tangu tukuzike. Mama alikuwa ananisubiri nje na fimbo yake. Alinisikia. Akakaa kwenye ngazi, akaningoja hadi nikamaliza, hakuniharakisha.

Pumzika, baba. Sisi tupo, tunaendelea.

Ni mimi, binti yako uliyekaa naye benchi moja.