Kompyuta Mbili, Daftari Moja

Kaka yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii imekukuta salama, wewe na wifi, na kwamba kazi ya ukalimani pale mahakamani haijakuchosha kupita kiasi. Sisi huku wazima. Goti la mama limetulia tangu aanze matembezi ya asubuhi, ila mdomo haujatulia. Kila siku anauliza kwa nini hupokei simu, na anasema mwanawe amekuwa mkubwa siku hizi, anataka kuandikiwa kama waziri. Basi nimekaa nikuandikie kweli, tena kwa kalamu.

Mimi kazi inaniendea vizuri. Nasema bila kujisifu, au basi niache nijisifu kidogo: mwezi uliopita karakana yetu ya hospitali imetoa miguu ya bandia kumi na minne, na kumi na mitatu ilitembea bila kumuumiza mtu. Huo uliobaki ndio ninaotaka kukusimulia.

Unajua ninavyofanya. Kila mgonjwa ana ukurasa wake: vipimo vya kigutu, panapouma, anavyokanyaga, anavyoshuka ngazi. Zamani niliandika kwenye makaratasi, yakalowa plasta. Sasa naandika kwenye kompyuta mbili, moja ya karakana na ile uliyonipa uliponunua mpya, ambayo naiweka nyumbani juu ya meza ya kulia. Programu ya daftari ndiyo inayobeba maneno kutoka huku hadi kule kwa mtandao, ili zote mbili zisome kitu kimoja. Wenyewe wanaita kulandanisha. Nikaamini inajifanyia yenyewe, kama mtu anavyoamini kwamba moyo wake unapiga.

Kuna mama mmoja anayesambaza barua kwa miguu. Alipokuja kujaribu mguu wake mpya alinieleza kuwa unambana upande wa ndani, chini kidogo ya goti. Nilipofika nyumbani nikaandika kwenye ukurasa wake: punguza milimita nne upande wa ndani. Kumbe kule karakana mtandao ulikuwa umekatika tangu asubuhi. Kesho yake mimi nilishinda wodini, na mwenzangu, yule mrefu tunayemwita Ngazi, akaufungua ukurasa kwenye kompyuta ya karakana. Akakuta maagizo ya zamani, yanayosema aongeze kitambaa upande ule ule. Akaongeza, akaandika humo kwamba ameongeza, akamkabidhi mwenyewe mguu.

Yule mama ni wa wale wanaoona haya kumsumbua fundi. Alitembea nao siku tatu, ya nne akarudi na kidonda kikubwa kama kifuniko cha chupa. Akauvua, akauweka juu ya meza yangu, akasema kwa upole, "Mwanangu, huu utakuwa wa mtu mwingine. Wangu nilikuelekeza."

Ngazi alitaka kujitwika lawama zote, nikamkatalia. Alifuata kilichokuwa mbele yake. Na mtandao uliporudi mambo yakawa mabaya zaidi, maana programu ilikuta kurasa mbili zisizokubaliana, ikaziweka zote mbili, zote kwa jina langu, pasipo kusema upi ni wa kweli. Nilimwomba radhi yule mama, nikauchonga mguu upya kwa mkono wangu. Kidonda kimepona. Juzi alileta barua za hospitali mwenyewe, akapanda ngazi zetu bila kushika ukuta.

Baada ya hapo nikasema haitatokea tena. Nikabeba kompyuta ya nyumbani hadi ofisi ya kumbukumbu ya hospitali, ambako kuna binti anayezijua hizi mashine kuliko sisi tunavyojua mifupa. Akazipanga zote mbili, akanifundisha nisifunge kabla sijaona alama kwamba maneno yamefika upande wa pili, na kwamba nikikuta kurasa mbili nisikisie, nizilinganishe neno kwa neno. Tangu siku hiyo hatujakosea hata mara moja, na Ngazi sasa ananifokea mimi nikisahau.

Binti alipokuwa akimalizia akaniuliza, "Dada, huyu mwenzako ni nani? Humu mna madaftari mawili." Nikatazama, nikaona jina lako. Kaka, ulinipa kompyuta bila kutoka kwenye akaunti yako. Nikamwambia hayo ni mambo ya zamani ya kaka, ngoja niyafute. Akanishika mkono. "Usifute. Ukifuta hapa na kwake panafutika. Halafu si ya zamani, huu ukurasa ameandika leo asubuhi."

Nilipobaki peke yangu nilipaswa kufunga. Sikufunga. Nimesoma, na si ukurasa mmoja, nimesoma kuanzia Januari. Sina la kujitetea, nakuomba msamaha kwa moyo wote.

Umeandika kwamba sikio la kushoto limekwisha na la kulia linafuata. Umeandika kwamba simu hupokei tena kwa sababu mama atagundua, na kwamba wifi anadhani umekuwa mkali tu. Na umeandika habari ya yule mshtakiwa aliyesema "nilimkuta", wewe ukasikia "nilimkata", ukamtafsiria hakimu hivyo. Wakili akakusahihisha. Chini yake umeandika: safari ijayo nani atanisahihisha?

Hapo ndipo nilipoinuka kitini. Mimi ni mdogo wako, lakini katika hili nitasema kama mkubwa. Usisimame tena mahakamani ukikisia. Mwambie hakimu kabla ya kesi nyingine, wewe mwenyewe, kwa mdomo wako. Hatakudharau. Na zile kesi ulizotilia shaka, mpe orodha, unayo tayari humo daftarini.

Daktari wa masikio yuko milango miwili kutoka karakana yetu. Nilimuuliza bila kutaja jina. Alisema kilichopotea huenda kisirudi, ila kilichobaki kinaweza kusaidiwa vizuri sana kwa vifaa, na wapo wakalimani wanaovivaa kazini. Nimekuwekea nafasi Alhamisi ya wiki ijayo, saa nne asubuhi. Sina wasiwasi juu yako. Kila siku napokea watu wanaoingia kwa magongo wakiamini kazi zao zimekwisha, nami huwaona wakitoka.

Mama sijamwambia, wala wifi. Hilo ni lako. Na kwenye akaunti yako nimeshatoka, binti amenionyesha namna ya kutoka bila kupoteza neno. Kurasa zako zote unazo. Kuanzia leo sitajua lako lolote mpaka uniambie.

Nisalimie wifi sana. Mama anakusalimu na anakuombea. Alhamisi nitakupokea mlangoni, tutaingia wote kwa daktari, nami nitakaa upande wako wa kulia.

Ni mimi mdogo wako akupendaye,

Fundi Miguu