Omena Hawajahama Rusinga

Ndugu yangu Ochieng,

Huku kisiwani Rusinga nakula sukuma wiki tu. Mwezi ni mpevu, ziwa limekuwa jeupe, na omena, wale dagaa wa ziwani, hawafuati taa za wavuvi. "Mgeni wa mwezi mpevu hula mboga," mama mwenyeji wangu ananitania, "lakini omena hawajahama."

Nikakukumbuka wewe, usiyesikia ladha ya chakula tangu uache dawa za kulevya. Panya tunaowachunguza maabara kazini kwangu walipojazwa dawa hizo, vipokezi vya raha ubongoni vilipungua. Kwa wale tuliowakatizia dawa, vilikuwa vimeongezeka tena, polepole. Nilizitazama picha za bongo zao tena na tena, kwa uzuri wake.

Vumilia, omera, ndugu yangu. Mwezi ukififia nitakuletea omena. Ukisikia hata chumvi peke yake, niambie.

Dadako akupendaye,
Atieno