Bangili Yenye Shanga ya Kijani

Mdogo wangu Naisula,

Huku Arusha tu wazima. Ng'ombe mwekundu wa mama amezaa. Mimi bado niko na meza yangu pale soko la vinyago, nawauzia wageni bangili kwa Kiingereza changu cha kuokoteza.

Jumanne alikuja mama mmoja wa Kizungu, akazigeuzageuza bangili zangu. "Dada, hizi ni za kweli? Yangu nilinunua soko la kwetu, kwa Mmasai mwenyewe!"

Akanyoosha mkono. Nikaiona shanga moja ya kijani katikati ya nyeupe, ile aliyokosea mama alipokutengenezea bangili ya kwenda nayo huko ng'ambo, tukamcheka.

"Hiyo ni ya kweli kabisa," nikamwambia. Nikampa zangu tatu, akanipa hiyo moja. Aliondoka akiamini amenipiga bao.

Mama sijamwambia. Bado anatamba kanisani kwamba huivui hata ukioga.

Sikuulizi kwa nini uliiuza. Ila kama huko kumekushinda, rudi, kitanda chako kipo. Nitakupokea mwenyewe uwanja wa ndege, nikuvishe bangili yako kabla hujamwamkia mama.

Ni mimi dada yako,
Simaloi