Kiti Kisichotulia

Mjukuu wangu Mwanaisha,

Alhamdulillahi, huku Kuze tu wazima, na mamako anapaka chokaa ya Idi. Waniuliza sebule yako mpya uipambe vipi.

Nilipokuwa bi harusi nami sikutulia. Idi ilipokaribia nikatundika mapazia mazito, nikahamisha makochi kutwa. Wageni wakaja, wakasifu, kisha wote wakenda kuketi mkekani uani, penye upepo. Mavyaa wangu, mamake babu yako, akanambia, "Mwanangu, tazama kwanza watu wapenda kuketi wapi, ndipo upambe."

Nikayaondoa mapazia, upepo ukaingia, wakarudi ndani.

Lakini kutulia bado sijajua. Tangu asubuhi nahamisha kiti ulichozoea, mara dirishani, mara mlangoni. Njoo ukikalie, huenda nami nikatulia.

Bibi yako akuombeaye dua